Asali Yangu Haiyeyuki

Jamani, leo nimevuliwa nguo hadharani na glasi ya maji. Na nina hasira. Nina hasira mpaka vidole vinatetemeka nikiandika hapa, kwa hiyo nikikosea herufi mnisamehe, na asiyetaka kunisamehe apite zake.

Kwa wasionijua, mimi naitwa Nassor, nauza asali Kariakoo. Duka lilikuwa la marehemu baba, na kabla yake la babu. Chini duka, juu tunaishi. Nauza na viungo, ubani, habasoda, mafuta ya nazi, nafaka kidogo, lakini watu wakinitaja wanataja asali. Inatoka Tabora kwenye madumu, naimimina mwenyewe kwenye chupa, nabandika lebo mwenyewe: ASALI HALISI YA NASSOR. Sijawahi kutia hata kijiko cha maji. Mji huu una watu wanachemsha sukari na rangi, wanaita asali, na usiku wanalala fofofo. Mimi siwezi. Jina ndiyo mtaji wangu. (Mtaji mwingine ulikwenda kwenye harusi ya mdogo wangu, tuyaache hayo.)

Sasa leo nilikuwa na mgeni mzito. Bi Zuhura wa Ilala. Huyu mama anatengeneza dawa ya asali, habasoda na tangawizi, na dawa yake inavuka mpaka Unguja. Ndiye anayechukua asali yangu kwa madumu. Wauzaji wadogo wanamwangalia yeye: akinunua kwangu, nao wananunua kwangu. Nilikuwa nimeshapata habari kwamba kuna mtu mtaa wa nyuma anamnong'oneza bei ya chini, kwa hiyo leo anakuja kuonja na kuamua mzigo wa Ramadhani anampa nani. Akinipa mimi, mwaka wangu umekaa sawa. Akininyima, wale wote walio nyuma yake wataondoka naye.

Nimefungua duka mapema. Nimefagia, nimefukiza ubani, nimevaa kanzu safi. (Kanzu! Siku ya kazi! Mjue jinsi nilivyojiandaa.)

Mke wangu Rukia akashuka ngazi na kitu mkononi, akakiweka kaunta, akasema maneno. Mimi nilikuwa kwenye simu nagombana na dereva aliyekwamisha madumu yangu njiani tangu juzi.

"Baba Nasra, umenisikia?"

"Sawa, sawa."

"Usije ukasahau."

"Nimesema sawa!"

Akapanda zake juu. Mimi nikaendelea kumfokea dereva. Kumbukeni tu kwamba nilisema sawa mara mbili, kwa sababu ndivyo mke wangu atakavyowasimulia na nyie.

Bi Zuhura akaingia.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Mama Nasra hajambo?"

"Hajambo, karibu, karibu kiti."

Nikampa kiti kizuri, nikamwitia kahawa. Nikafungua dumu jipya mbele yake, nikachota, nikamwekea kwenye kisahani. Akaonja. Akafumba macho. Akaonja tena. Akapaka kidogo kiganjani, akasugua, akanusa. Mimi nimesimama nimebana pumzi, nasoma uso wake mstari kwa mstari.

"Nzuri," akasema. "Ya misitu ya miombo hii."

"Ya miombo, Bi Zuhura. Hujakosea."

"Basi mwanangu, mimi naona mzigo wa Ramadhani..."

Na hapo hapo, jamani, kabla sentensi haijaisha, akaingia Mwalimu Upendo.

Mwalimu Upendo anamfundisha binti yangu Nasra sayansi, darasa la tano. Ni mwalimu mzuri, sitaki kumsingizia, ingawa leo ningependa sana kumsingizia. Wiki iliyopita aliwafundisha mfumo ikolojia, na Nasra akarudi nyumbani akatupanga sote mezani. Mama yake akawa mzalishaji. Mimi nikawa mlaji. Mjomba wake, anayekaa kwetu bila kazi tangu mwaka jana, akaambiwa yeye ni kiozeshaji. (Hapo alipatia, siwezi kubisha.)

"Habari za asubuhi, Baba Nasra?"

"Nzuri, mwalimu, karibu sana."

"Leo nimekuja kama mteja. Nina kipindi sasa hivi, mada ni mchanganyiko na myeyusho. Maabara hatuna, kwa hiyo vifaa vyangu ni vya dukani kwako. Naomba mchele na dengu, nitavichanganya watoto wavichambue kwa mkono. Naomba chumvi. Na mafuta ya nazi, waone yanavyoelea na kukataa kuchanganyika na maji."

Nikampimia huku namtabasamia Bi Zuhura, kwamba aone duka linalohudumia mpaka elimu ya taifa.

"Na asali kidogo," akaongeza mwalimu. "Nataka kitu kitamu kinachoyeyuka vizuri."

Mkono wangu ukasimama juu ya mizani.

"Kinachofanya nini?"

"Kinachoyeyuka. Si unajua asali inayeyuka kwenye maji? Maji yanakuwa kiyeyushi, asali ndiyo kiyeyushwa, ukikoroga unapata myeyusho."

Alisema hivyo hivyo, kwa sauti ya darasani, ile inayofika mpaka dawati la nyuma. Na Bi Zuhura akashusha kikombe cha kahawa.

Nyie msiokaa sokoni labda hamjaelewa uzito wake. Hapa Kariakoo, kumwambia muuza asali kwamba asali yake inayeyuka kwenye maji ni kumwita mwizi. Ndiyo kipimo chetu. Unadondosha asali kwenye glasi ya maji: ya kweli inazama nzima nzima na kutulia chini, ya sukari inatawanyika. Babu alipima hivyo, baba alipima hivyo, wateja wanaomba wapimiwe hivyo. Sasa anakuja mtu na daftari kwapani, mbele ya mteja wangu mkubwa kuliko wote, anasema asali yangu inayeyuka vizuri. Vizuri!

"Mwalimu," nikasema, na nilijaribu kusema taratibu, Mungu ni shahidi, "asali yangu haiyeyuki."

"Inayeyuka, Baba Nasra. Asali yoyote inayeyuka."

"Yoyote ya huko kwingine. Hii ni halisi."

"Halisi ndiyo hiyo hiyo inayoyeyuka. Sijasema mbaya, nasema hiyo ndiyo sayansi."

"Sayansi ya wapi hiyo inayokuja kunitukana dukani kwangu?"

Nilishapandisha sauti. Mimi nikikasirika sauti yangu inatoka mpaka barabarani, nimeirithi kwa baba. Kessy, anayeuza mabegi ng'ambo ya barabara, akanyanyua shingo. Wabeba mizigo wawili wakasimamisha mkokoteni wao katikati ya njia. Machinga wa soksi akasogea na soksi zake. Kariakoo hakuna anayekuwa na haraka pakiwa na ugomvi.

"Tulia, Nassor," akasema Bi Zuhura. "Mwalimu kauliza tu."

Ningemsikiliza hapo, sasa hivi ningekuwa nakula biriani. Lakini nilishaona macho ya watu, na nilimwona na yeye Bi Zuhura anavyoitazama ile sahani ya asali, kama mtu anayejiuliza.

"Hapana, Bi Zuhura! Jina langu limeguswa. Njooni nyote! Njooni mshuhudie! Leo tutajua kama Nassor anauza asali au anauza sukari!"

Wakaja. Wakajaa mlangoni mpaka mwanga ukapungua. Kessy akaja na simu juu, tayari anarekodi. (Kessy, nikikukamata.)

Nikachukua glasi, nikaosha mbele yao, nikatia maji masafi. Nikanyoosha mkono nyuma bila hata kuangalia, nikashika chupa iliyokuwa karibu, pale kaunta. Lebo yangu hii hapa. Nikaizungusha juu watu waisome. ASALI HALISI YA NASSOR. Nikaisoma na mimi kwa sauti, kwa mbwembwe, kama mtangazaji wa mpira. Nikafungua, nikanyanyua mkono juu kabisa, nikamimina.

Ilitoka haraka. Hilo nililiona. Ilitoka haraka kuliko asali inavyotoka, na kuna sehemu ya kichwa changu ilisema, Nassor, simama. Lakini hasira ilikuwa imeshika usukani.

Ikatawanyika. Haikuzama wala haikutulia. Iliingia kwenye maji ikafanya mawingu ya njano, na mawingu yakaenea mpaka juu. Glasi nzima ikawa juisi.

Watu wakasogeza vichwa karibu na glasi.

"Imeyeyuka hiyo," akasema mbeba mizigo mmoja.

"Haijayeyuka! Glasi ilibaki na sabuni!"

"Si umeiosha mwenyewe?"

"Nyamaza wewe! Lete kiberiti!"

Maana kipimo cha pili ni kiberiti. Unachovya njiti kwenye asali, unaikwangua. Asali halisi njiti inawaka. Nikachovya. Nikakwangua. Ikateleza. Nikakwangua tena kwa nguvu, kichwa cha njiti kikamong'onyoka kikanirukia kwenye kanzu, kikaacha doa.

"Kaka Nassor, rudia hapo," akasema Kessy. "Sijaipata vizuri."

Na Mwalimu Upendo, kinachoniuma ni kwamba hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anafurahi! Kwa moyo safi kabisa!

"Si nilikwambia, Baba Nasra? Huo sasa ndiyo myeyusho. Tazameni, huwezi kuona tena kipi maji na kipi asali."

Nilitamani dumu linimeze.

Bi Zuhura akasogeza kiti nyuma. Akainuka, akaichukua ile chupa mkononi mwangu, akachovya kidole, akalamba. Akalamba tena. Akanigeukia.

"Nassor. Asali yako siku hizi ina iliki?"

Iliki! Nikapokonya chupa, nikanusa. Iliki. Na zafarani. Kabla sijafungua mdomo, sauti ikashuka kutoka ngazini, sauti ambayo nimeioa kwa hiari yangu mwenyewe:

"Baba Nasra! Boda ya kwenda Buguruni imefika! Nipe ile shira ya kaimati niliyokupa!"

Hapo yakanirudia yote. Dada yake Rukia anakaa Buguruni, leo jioni wanaleta posa ya binti yake, kaimati zinakaangwa huko na shira ya kuzimiminia imeagizwa kwa Rukia kwa sababu hakuna anayempata kwa shira. Ameipika, ameitia kwenye chupa yangu tupu ya asali, ameishusha dukani isubiri boda, na ameniambia. Aliniambia! Nikamjibu sawa, nikamjibu tena sawa.

Lakini jamani, sitawaficha, niliposikia neno shira nilifurahi. Nilifurahi kiasi cha kuruka. Nimepona!

"Mmesikia?" nikapiga kelele. "Mmemsikia? Si asali ile! Ni shira! Ni sukari! Mke wangu anaipika juu, anaitia kwenye chupa zangu!"

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Kwa furaha. Mbele ya simu ya Kessy.

Watu wakatazamana. Halafu yule mbeba mizigo, Mungu amjalie mzigo mzito, akapiga kofi moja.

"Ahaa! Kumbe mtambo uko ghorofani!"

Duka likalipuka. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. "Mke anapika, mume anabandika lebo!" "Ndiyo maana kila siku juu kunafuka moshi!" Na Rukia mke wangu, badala ya kubaki juu, akatokea chini ya ngazi na mwiko mkononi, na mwiko unadondosha shira. Kama tumepanga! Kelele zikaongezeka maradufu.

"Kuna nini?" akauliza Rukia.

"Wewe ndiye unaniuliza kuna nini?"

"Mimi nilikwambia asubuhi usije ukaigusa. Sikukwambia? Ukasema sawa."

"Alisema sawa!" wakaitikia watu, ambao hata hawakuwepo asubuhi.

Mwalimu Upendo ndipo alipoona kwamba mambo yameharibika. Akapiga makofi yale ya kunyamazisha darasa, na watu wazima wote wakanyamaza. (Mimi mwenyewe nilisimama wima.)

"Jamani, tumtendee haki. Tupime asali ya kwenye dumu, ile aliyofungua mbele ya mama. Kila mtu aone."

Nilimshukuru moyoni. Nikachukua glasi nyingine, maji mengine, nikachota kwenye dumu kwa kijiko, nikadondosha. Asali ikashuka taratibu, uzi mmoja mnene, ikafika chini ikajikunja na kutulia. Maji juu meupe.

"Eeeh," wakasema watu. "Hii kweli."

"Mnaona? Mnaona sasa?"

Kessy akashusha simu. Mbeba mizigo akaanza kuushika mkokoteni wake. Bi Zuhura akatingisha kichwa, na kwenye kona ya mdomo wake nikaona tabasamu linaanza. Yangeishia hapo. Naapa yangeishia hapo, wangetawanyika, ningefuta doa la kanzu, na mzigo wa Ramadhani ungekuwa wangu.

"Vizuri," akasema Mwalimu Upendo. "Sasa tunakoroga."

"Usikoroge," nikasema.

"Jaribio halijaisha, Baba Nasra."

"Limeisha. Mwalimu, nakuomba. Kwa heshima ya Nasra, usikoroge."

Akakoroga. Kijiko kilienda ting ting ting kwenye glasi. Asali ikainuka kutoka chini, ikazunguka, ikapungua, ikapotea. Ikabaki glasi ya maji ya njano, ndugu yake kabisa wa ile glasi ya kwanza.

"Hapo!" akasema kwa ushindi. "Asali halisi nayo imeyeyuka. Kwa hiyo kipimo cha maji hakiwezi kumhukumu mtu. Ile ilizama kwa sababu ni nzito tu. Mmeelewa?"

Alikuwa ananitetea! Ndiyo maana yake, ukitulia ukafikiri. Lakini nani Kariakoo ametulia akafikiri? Waliyosikia ni nusu ya kwanza.

"Hata ya dumu nayo!"

"Imeyeyuka hata ya dumu!"

Simu ya Kessy ikawa juu tena. Watu wakaanza kutoka wakikimbilia kuwasimulia wenzao, na nje nikasikia habari ikitembea duka kwa duka, haraka kuliko mkokoteni wowote. Mwalimu akaangalia saa, akakusanya mchele wake, dengu zake, chumvi na mafuta, akanipa mkono.

"Asante sana, Baba Nasra. Naomba niende na hizo glasi mbili, watoto watafurahi kulinganisha. Nitazirudisha."

Nikampa. Ningefanya nini?

Tukabaki mimi, Rukia na mwiko wake, na Bi Zuhura. Boda anapiga honi nje.

"Bi Zuhura," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imekwisha, "wewe unanijua. Ulimjua baba yangu. Ile asali ya dumu umeionja mwenyewe."

"Nakujua, mwanangu. Ni asali safi, sina shaka nayo."

Nikashusha pumzi.

"Lakini wateja wangu hawakujui wewe. Hiyo video ya kijana wa mabegi itafika Ilala kabla yangu, na Unguja kabla ya adhuhuri. Mtu akinishika akaniambia dawa yangu ina asali ya yule anayepika ghorofani, nimjibu nini? Nimkalishe chini nimfundishe kiyeyushi?"

Nilijua hana kosa, na ndiyo sababu niliumia zaidi. Mtu akikuonea unapata wa kumlaumu.

"Mzigo wa Ramadhani nitauchukua mtaa wa nyuma. Mambo yakipoa tutaona." Akajifunga buibui lake, akafika mlangoni, akasimama. Akageuka, lakini si kwangu. "Mama Nasra, hii shira, zafarani unaitia inapochemka au ukishaiepua?"

"Nikishaiepua, bibi. Ikichemka inapoteza harufu."

"Ndiyo maana. Basi Ramadhani hii futari yangu yote nataka shira yako. Na shoga zangu nitawaambia."

Akaondoka. Boda naye akaondoka, na shira iliyobaki. Nimefunga mlango wa duka mchana kweupe, nimekaa ndani na ndoo ya maji, nimekoroga asali yangu glasi baada ya glasi, kwa maji baridi, kwa maji ya moto, kwa upole, kwa hasira. Yote imeyeyuka. Mwalimu yuko sahihi, na nimemkasirikia zaidi kwa kuwa sahihi. Babu yangu alipima watu kwa glasi ya maji maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumpa kijiko!

Nimefungua tena alasiri. Mteja wa kwanza ameingia kwa adabu zote, ameangalia kushoto, ameangalia kulia, akaniinamia sikioni: "Kaka, ile ya mama ndani bado ipo?"

Naombeni mtu asicheke. Na atakayecheka, akishikwa na kikohozi asije dukani kwangu, akae kwake akakoroge maji na sukari.